Kilemba Ndani ya Basi

Mwezi Agosti 1967 kijana wa miaka 23, Tarsem Singh Sandhu, alirudi kazini baada ya kuugua. Alikuwa dereva wa basi la manispaa mjini Wolverhampton, katikati ya Uingereza. Alipoajiriwa alikuwa amenyoa ndevu na anavaa kofia ya sare kama wenzake. Siku aliyorudi alikuwa na ndevu, na kichwani amefunga kilemba. Wakubwa wakamwambia aende nyumbani, akinyoa ndipo arudi.

Habari ingeweza kuishia hapo, kama zinavyoishia habari nyingi za mtu mdogo na kanuni za kazi. Badala yake ilichukua miezi 20. Ilitoa maelfu ya watu barabarani, ikagusa hotuba iliyotajwa kuliko nyingine yoyote katika siasa za Uingereza za miaka hiyo, na nusura imfanye mzee mmoja ajichome moto hadharani.

Kwa Kiswahili tunawaita watu wa dini yake Masingasinga, au Makalasinga mtaani. Inasemekana jina hilo la pili limetokana na mfanyabiashara wa mwanzo kabisa wa Nairobi aliyeitwa Kala Singh. Tumewazoea tangu reli ya Uganda ilipoanza kujengwa mwaka 1896: mafundi seremala, waashi, makanika, askari polisi. Anayesafiri kati ya Mombasa na Nairobi anajua hekalu lao la Makindu, ambako msafiri wa dini yoyote hula bure. Mwaka 1965, miaka 2 kabla ya Sandhu kurudishwa nyumbani, mbio za magari za Safari Rally zilishindwa na Kalasinga wa Kenya, Joginder Singh, pamoja na ndugu yake. Watu walijipanga barabarani kumshangilia. Sijapata kusikia kwamba kuna aliyeuliza kama mtu anaweza kuendesha gari vizuri akiwa na kilemba.

Wolverhampton waliuliza. Au tuseme hawakuuliza hilo hasa. Kamati ya usafiri ya manispaa ilisema sare ni sare: dereva awe amenyoa na avae kofia iliyotolewa na idara. Sandhu alilijua sharti hilo alipoajiriwa na akalikubali. Akiruhusiwa huyu, kesho atakuja mwingine na lake. Hii si hoja ya kijinga. Hata leo, katika benki na hoteli za Dar es Salaam au Nairobi, meneja wa rasilimali watu anaweza kukupa hoja hiyo hiyo karibu neno kwa neno, na wengi wetu tungetikisa kichwa kukubali mpaka siku ile inayozuiwa ni ya kwetu.

Lakini kilemba cha Singasinga si kofia. Tangu mwaka 1699, Guru Gobind Singh alipoanzisha udugu wa Khalsa, aliyeingia humo hukatazwa kukata nywele mwilini mwake, na kilemba ndicho kinachozistiri. Ukimwambia anyoe, umemwambia atoke katika dini kwa saa za kazi na arudi jioni. Masingasinga wengi waliofika Uingereza katika miaka ya 1950 walifanya hivyo hasa. Walinyoa kwa sababu viwanda havikuwachukua wakiwa na vilemba, na nyumbani Punjab wazee wakaona aibu. Sandhu mwenyewe aliajiriwa akiwa amenyoa. Kwa hiyo aliporudi vile alikuwa anasema jambo, ingawa hakufungua mdomo.

Hakuwa wa kwanza. Huko Manchester, mwaka 1959, Gyani Sundar Singh Sagar aliomba kazi ya ukondakta wa basi. Akakataliwa kwa sababu ya kilemba. Akapendekeza avae cha rangi ya sare na abandike beji ya idara mbele yake. Akakataliwa tena. Manispaa ilibadili msimamo mwaka 1966, lakini kufikia hapo ikaonekana umri wake umepita kiwango cha kuajiriwa.

Karibu nusu ya madereva wa Wolverhampton walikuwa Wahindi. Mtu angedhani chama cha wafanyakazi kingesimama na Sandhu, lakini hakikufanya hivyo. Napoifikiria hiyo humkumbuka Makhan Singh, Singasinga mwenye kilemba aliyejenga vyama vya wafanyakazi Nairobi kwa kuwaunganisha Waafrika na Waasia. Mwaka 1950 alitaka hadharani uhuru wa Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikamweka kizuizini kwa zaidi ya miaka 11. Alijua mfanyakazi hatengani na mwili wake anapopita getini. Makatibu wa chama cha madereva wa Wolverhampton hawakuwa na habari naye, na wala hawakumhitaji.

Februari 1968 maelfu ya Masingasinga kutoka pembe zote za Uingereza waliandamana Wolverhampton. Kamati haikutikisika. Mwezi huo huo Uingereza ilikuwa imeshikwa na hofu nyingine, na hiyo ilitoka kwetu. Kenya ilikuwa imepitisha sheria mwaka 1967 zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni za biashara. Waasia wengi waliokuwa na pasi za Uingereza wakaanza kupanda ndege kwenda London. Bunge la Uingereza likajibu kwa sheria iliyopitishwa kwa siku chache tu na kuanza kutumika Machi 1968, ikiwafungia mlango watu wenye pasi zake yenyewe.

Mbunge wa Wolverhampton Kusini Magharibi alikuwa Enoch Powell, waziri kivuli wa ulinzi wa chama cha Conservative. Msomaji wa Kenya ana sababu ya kusita kabla ya kumhukumu. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Serikali ilianza kwa kusema walikufa kwa maji waliyokunywa. Julai mwaka huo, usiku wa manane, Powell alisimama bungeni na kukishambulia chama chake mwenyewe. Alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha ubinadamu nyumbani na kingine Afrika. Denis Healey, mpinzani wake wa chama cha Labour, alikuja kuisifu kuwa hotuba kubwa kuliko zote alizowahi kuzisikia katika Bunge lile. Powell alijua Kiurdu. Alitumikia jeshini India na kuipenda kiasi kwamba ndoto yake ilikuwa kuwa gavana mkuu wake.

Huyo ndiye aliyesimama katika hoteli moja ya Birmingham Jumamosi tarehe 20 Aprili 1968, akasema kuwaacha wahamiaji waendelee kuingia ni nchi kujijengea kuni za kuichomea maiti yake yenyewe. Karibu na mwisho alifika kwenye basi la Sandhu. Alimnukuu waziri wa serikali ya Labour, John Stonehouse, aliyeilaumu kampeni ya Masingasinga: ukikubali kazi ya umma, uwe tayari kukubali masharti yake. Kudai haki maalumu za jamii moja, kwa hoja hiyo, ni kuipasua nchi vipande.

Hapa siwezi kuacha kusema kidogo juu ya Stonehouse. Katika miaka ya 1950 alifanya kazi Uganda na vyama vya ushirika vya wakulima. Mwaka 1959 alifukuzwa Rhodesia kwa kuwahutubia Waafrika na kuwaambia wainue vichwa vyao. Mtu aliyetimuliwa kwa sababu ya hotuba, baada ya miaka 9 akawaambia Masingasinga wavae kofia ya idara. (Mwaka 1974 aliacha nguo zake ufukweni Miami ili aonekane amekufa maji, akakamatwa Australia. Hilo halihusiani na vilemba, ila linasema kidogo juu ya mtu na masharti ya kazi ya umma.)

Siku iliyofuata, Jumapili, kiongozi wa Conservative Edward Heath alimfukuza Powell katika baraza kivuli. Kwa maneno mengine, mwajiri wa kisiasa alimwondoa mtu kazini kwa alichokisema. Hapo ndipo uhuru wa kusema ulipopata watetezi ambao kilemba hakikuwapata. Jumanne tarehe 23 Aprili makuli wa bandari ya London walisusa kazi na kuandamana hadi Bunge, wakisema mtu ameadhibiwa kwa kusema kweli. Siku iliyofuata wakaja wapagazi wa soko la nyama la Smithfield. Barua za kumuunga mkono zilimfikia Powell kwa magunia. Kura za maoni zilionyesha Waingereza karibu watatu kati ya wanne wakiafikiana naye.

Hao makuli walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi, wengi wao chama kile kile cha madereva wa basi. Mgomo wao haukuwa wa mshahara. Waligoma kwa ajili ya mbunge aliyebaki na kiti chake, mshahara wake wa ubunge, na kila gazeti la nchi tayari kuchapisha neno lake. Kwa Sandhu, ambaye sentensi yake nzima ilikuwa kitambaa na nywele, hakuna kuli aliyetua mzigo. Nadhani tofauti haikuwa katika kanuni. Walichokitetea ni sauti waliyoitambua kuwa ya kwao. Heath naye hakumnyamazisha Powell, alikataa tu kusema kwa mdomo wake. Chama kina haki hiyo, na hapa naona Heath alikuwa sahihi. Lakini nikishasema hivyo, lazima nijibu kwa nini manispaa isiwe na haki ya kuchagua kichwa kitakachoonekana dirishani mwa basi lake.

Jibu langu si refu. Powell aliondolewa kwa jambo alilowatendea wengine kwa maneno yake. Siku 10 baada ya hotuba, familia ya Wakaribi iliyokuwa kwenye sherehe ya ubatizo Wolverhampton ilivamiwa na vijana wa kizungu waliokuwa wakilitaja jina la Powell, na mtu akakatwa kwa kisu. Kilemba cha Sandhu hakikumfanyia abiria yeyote kitu. Kilimuudhi tu aliyekitazama. Kuudhika ni jambo la kweli, silidharau, ila anayeudhika na alichovaa dereva bado atafika anakokwenda.

Hoja hazikuishawishi kamati. Mwanzoni mwa 1969 akatokea Sohan Singh Jolly, mzee aliyepita miaka 60, kiongozi wa chama cha Akali nchini humo, aliyekuwa amefika Uingereza akitokea Kenya. Alitangaza kwamba marufuku isipoondolewa atajichoma moto tarehe 13 Aprili, sikukuu ya Vaisakhi, siku ya kuzaliwa kwa Khalsa. Wengine wakasema watamfuata. Januari mwaka huo huo mwanafunzi Jan Palach alikuwa amejichoma Prague, akafa. Hakuna diwani aliyeweza kulala akidhani mzee anatania.

Si Masingasinga wote waliomuunga mkono Jolly. Wapo walioona anaiaibisha jamii mbele ya majirani ambao tayari walikuwa wamesoma hotuba ya Powell. Balozi wa India aliingilia, na serikali ya London ikawa na wasiwasi juu ya kitakachowapata Waingereza walioko Delhi na Punjab. Tarehe 9 Aprili 1969, siku 4 kabla ya Vaisakhi, kamati iliondoa marufuku. Haikusema imekosea. Ilisema imelazimika kuangalia mambo mapana kuliko mji wake.

Ushindi huo unanikereketa. Haki iliyopatikana kwa mtu kushika kiberiti inawafundisha wengine kwamba barua na maandamano ni kupoteza muda, na aliye tayari kufa ndiye anayesikilizwa. Waliopinga waliita vitisho, na sioni neno lingine linalofaa zaidi. Ila barua zilikuwa zimeandikwa. Maandamano yalikuwa yamefanyika, ya amani, kwa miezi 20, na mlango ulibaki umefungwa. Aliyeufunga hawezi kulalamika sana kwamba hatimaye mtu aliingilia dirishani.

Sheria ilifuata kwa mwendo wa kobe. Sheria ya Mahusiano ya Rangi ya 1968, ile iliyokuwa ikijadiliwa bungeni siku makuli walipoandamana, ilikataza ubaguzi kazini kwa rangi na asili lakini haikutaja dini. Mwaka 1983, katika kesi ya mwanafunzi aliyekataliwa shule kwa sababu ya kilemba, mahakama ya juu iliamua kwamba Masingasinga ni kabila kwa maana ya sheria, kwa hiyo wanalindwa. Muislamu hakulindwa kwa njia hiyo, wala Mkristo. Ulinzi wa dini kazini kwa kila mtu uliingia England Desemba 2003.

Na yule Sagar wa Manchester? Mwaka 1973 serikali iliwalazimisha waendesha pikipiki wote kuvaa helmeti. Sagar, ambaye miaka kadhaa nyuma aliambiwa umri wake umepita, alikuwa kati ya walioongoza kampeni ya kuipinga, akaendesha pikipiki na kilemba chake na akafikishwa mahakamani tena na tena. Bunge likawaondolea Masingasinga sharti hilo mwaka 1976. Ukondakta aliouomba mwaka 1959 hakuupata.