Mikia ya Maneno

Msomaji mpenzi, mara ngapi umeambiwa kwamba lugha ya nyumbani haina maneno ya kuandikia mambo makubwa? Mie nimeambiwa, tena na watu walionizidi kisomo, maana mimi niliishia kidato cha nne. Basi njoo nikusimulie ya Wafini.

Ufini ilitawaliwa na Uswidi karne nyingi, kisha Urusi ikaichukua mwaka 1809. Ofisini na shuleni kilitumika Kiswidi. Kifini kilibaki lugha ya shambani. Mwaka 1831 wasomi wa Helsinki wakaanzisha chama cha fasihi ya Kifini, na katibu wake wa kwanza akawa Elias Lönnrot, mtoto wa mshona nguo wa kijijini.

Maneno mapya yalipatikana wapi? Mengi yalichongwa kwa viambishi tamati, ile mikia ya maneno. Tazama: kirja ni kitabu. Bandika mkia -sto, unapata kirjasto, maktaba. Kirjailija ni mwandishi, kirjallisuus ni fasihi. Laulaa ni kuimba, laulaja ni mwimbaji. Hiyo -ja yao inafanya kazi ya -ji yetu.

Na mikia yenyewe je? Mingine zamani ilikuwa maneno kamili. Kansa ni watu. "Miongoni mwa watu" ikasemwa harakaharaka, kizazi hata kizazi, ikawa kanssa, yaani "pamoja na". Kwa jirani zao wa Estonia neno hilohilo limechakaa zaidi, limebaki mkia tu, -ga. Usicheke! Hiyo -ta- ya "nitakuja" nayo ni "taka" iliyochakaa. Sikiliza "atakayekuja", utalisikia neno zima.

Mwaka 1870 chama kile kikachapisha riwaya ya kwanza ya Kifini, Seitsemän veljestä, ya Aleksis Kivi, naye mtoto wa mshona nguo. Profesa August Ahlqvist akaiponda vibaya sana. Kivi akafa mwaka 1872, fukara, ana miaka 38 tu. Leo sanamu yake imekaa mbele ya jumba la taifa la maigizo, Helsinki.

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, mtu akikwambia neno halipo, usiweke kalamu chini. Shika shina, tafuta kiambishi, jaribu. Wakilikataa, chonga jingine. Hata hayo maneno wanayokupondea, kuna mtu aliyachonga.