Kinachomshika Mwanafunzi wa Ufundi



Katika mikutano ya mwaka huu hapa Zombe, jambo lililozungumzwa kuliko mengine ni habari ya vijana tuliowalipia karo katika vyuo vya ufundi. Baadhi yao wameacha masomo kabla ya kumaliza. Wako waliorudi kuchoma makaa, na wako waliopanda basi kwenda Nairobi. Imependekezwa kwamba fedha zile zitumiwe kwa kazi nyingine. Kabla wanachama hawajakata shauri, twaona ni vema tutazame nyuma kidogo, tujue ni kitu gani kilichomshika mwanafunzi wa ufundi katika nchi yetu, na ni kitu gani kilichomfukuza.

Zamani chuo chetu kilikuwa ni nyumbani. Mvulana alikaa kwa mhunzi akivukuta moto, na msichana alisokota nyuzi za kiondo karibu na nyanya yake. Hakuna aliyewasukuma, kwa kuwa waliona kwa macho yao kile kitu kikikamilika na kutumiwa. Mfano ulio maarufu zaidi ni wa Wamunyu, katika njia ya kutoka Machakos kuja Kitui. Husimuliwa kwamba Mutisya Munge alifika Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, akaona wachongaji wa huko, na aliporudi akaanza kuchonga vinyago vya kuuza. Ufundi ule ukaenea kwa jamaa zake, kisha kwa majirani, hata Wakamba wakajulikana ng'ambo kwa vinyago. Hapakuwa na mkaguzi wala cheti. Kijana alianza kwa kulainisha kazi ya mkubwa wake, kisha akajaribu kitu kidogo, nacho kikipata mnunuzi alirudi kesho yake bila kuitwa.

Serikali ya kikoloni nayo ilianzisha mafunzo yake. Mwaka 1924 kilifunguliwa huko Kabete kituo cha kuwafundisha vijana wa Kiafrika useremala, uashi na uhunzi. Mwaka ule ule ilipita Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, ambayo mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dakta Aggrey wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo. Tume ilishauri elimu ifungamane na maisha ya vijijini, na mwaka 1925 Shule ya Jeanes ikafunguliwa Kabete. Jina hilo ni la Bibi Anna Jeanes wa Philadelphia, aliyetoa dola milioni 1 mwaka 1907 kwa ajili ya shule za watu weusi mashambani. Huko Virginia mwalimu Virginia Randolph ndiye aliyekuwa wa kwanza kutumwa kwa mpango huo, mwaka 1908. Alianza kwa kuitengeneza shule yenyewe na kwa kazi za mikono zenye faida nyumbani. Huku Kabete walimu walikuja pamoja na wake zao na watoto, wakakaa katika nyumba ndogo na kulitenda lile waliloelekea kwenda kulifundisha.

Lakini si wote waliofurahi. Waafrika wengi walishuku kwamba jembe na randa vyaletwa ili wanyimwe kalamu. Hawakukosa sababu, kwa maana watoto wa Kizungu hawakupewa elimu ya namna ile. Tangu hapo ufundi ukabaki na aibu ambayo haukuizaa wenyewe.

Baada ya Uhuru shida ilikuwa nyingine. Watoto wengi walimaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa lilitoa taarifa iliyouliza kijana afanye nini baada ya shule, na katika miaka iliyofuata vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Nia yake ilikuwa njema: vyuo vya gharama ndogo, vilivyo karibu, vyenye kufundisha kazi ambayo kijiji chenyewe chaihitaji. Polepole vingi vikaelekea mitihani ya serikali, kwa sababu wazazi walitaka karatasi. Katiba ya 2010 iliviweka chini ya kaunti, na kaunti zilianza kazi mwaka 2013.

Katika habari zote hizi twaona mambo mawili. Mwanafunzi hushikwa na kazi ya kweli, na hushikwa na heshima. Kijana mmoja alitueleza kwamba muhula mzima alikata vipande vya mbao vilivyotupwa motoni jioni. Mwingine, mwanafunzi wa ushonaji, alitueleza kwamba wiki ya tatu mwalimu wake alimpa ashone sare ya mtoto wa jirani, naye akasimama njiani kumtazama mtoto yule akipita. Huyu wa pili yungali chuoni. Mwalimu mwema, basi, humjua mwanafunzi kwa jina, humpa mapema kitu kidogo atakachokimaliza, husahihisha kwa mkono wake badala ya kwa kelele, na huwaita waliohitimu waje kusema wanavyoishi.

Hata hivyo mwalimu peke yake hawezi. Sisi wazazi tumezoea kumwambia mtoto, "Ukianguka mtihani utakwenda kushika randa." Tukiisha kuufanya ufundi kuwa adhabu, twamlaumuje anayeutoroka? Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyumba tunazolala, milango na matangi ya maji yanayotuokoa mvua za vuli zikipungua, yote yameundwa na mikono ya mtu.

Kwa hiyo twaomba Chama kisikate karo. Badala yake, madawati, milango na sare tunazonunua mjini Kitui ziagizwe kwanza kwa vijana wetu, chini ya macho ya walimu wao, na zilipwe kwa bei ya haki. Tena kila mhitimu aitwe katika mkutano mkuu, asimame mbele ya wazee na kazi yake mkononi. Mwethya umejenga mabwawa na matuta yetu. Hautashindwa kumshika mtoto mkono.