Chenga: neno la kumwongoza mnunuzi wa kamera

"Mwanangu, mbona hii picha ina chenga?" Mama mmoja wa Makambako aliniuliza hivyo akiwa ameshika picha ya harusi ya binti yake. Nilikuwa nimeipiga ukumbini saa tatu usiku, chini ya taa chache za njano. Kwa mbali ilipendeza. Ukiisogeza karibu na macho, suti nyeusi ya bwana harusi ilikuwa imejaa vidoadoa vyekundu na vya kijani, na shavu la bibi harusi limeparuzika kama ukuta uliopakwa chokaa vibaya. Yule mama hajawahi kushika kamera, lakini istilahi aliyoitumia ni sahihi kuliko nyingi ninazozisikia kwa mafundi.

Waingereza huliita tatizo hili kwa neno lao la kelele. Wana sababu, maana neno lilizaliwa kwenye simu na redio. Mwaka 1928 John Johnson wa maabara za Bell na Harry Nyquist wa kampuni ya simu ya AT&T, wote nchini Marekani, walichapisha maelezo ya mchakarisho unaotokana na joto ndani ya nyaya za umeme. Jina hilo la masikioni likahamia baadaye kwenye picha. Sisi tukilitafsiri vivyo hivyo tutapata "kelele za picha", na msomaji atabaki anatega sikio mahali panapotaka jicho. Kiswahili kilishamaliza kazi hii zamani. Enzi za televisheni za antena, mawimbi yakiwa hafifu watu walisema televisheni "inaonyesha chenga". Neno lilitoka jikoni: chenga ni vile vipande vidogo vya mchele uliovunjika. Yupo atakayesema litachanganywa na chenga za mpira wa miguu. Halichanganywi. Mchezaji hupiga chenga; picha huwa na chenga.

Chenga hutoka wapi? Tazama uwanja wa vumbi pale Njombe mvua inapoanza. Matone ya kwanza huanguka bila mpango: hapa matatu, pale moja, kando yake hakuna kitu, na ardhi yote huwa madoadoa. Mvua ikikolea, uwanja mzima hulowa sawasawa. Mwanga nao huja kwa matone, yaani chembe zinazoitwa fotoni, nazo huanguka juu ya kihisi cha kamera bila mpango. Kijisehemu cha kihisi kinachotarajiwa kupokea fotoni 100 kitapishana na jirani yake kwa takriban 10, sawa na asilimia 10, na jicho litaona madoa. Kikipokea 10,000, tofauti huwa takriban 100, yaani asilimia 1 tu, na picha hutulia. Kwa hiyo chenga nyingi za usiku ni dalili ya njaa ya mwanga.

Hapo ndipo ISO, ile namba ya kamera inayoipa picha mng'ao zaidi, inapoeleweka vibaya. Kupandisha ISO hakuongezi hata tone moja la mwanga. Kunakuza kile kilichopokelewa, na madoa yake yakiwemo. Dawa ni kuleta mwanga zaidi: kupanua tundu la lenzi, kuiacha shata wazi kwa muda mrefu zaidi, au kutumia kihisi kikubwa. Shata ikikawia wanaocheza muziki hutoka wamevurugika, na hiyo si chenga, ni picha iliyotikisika. Kwa mpiga picha wa sherehe yanabaki mawili, lenzi na kihisi.

Kwa mwenye fedha kidogo, lenzi itangulie. Lenzi ya milimita 18 hadi 55 inayouzwa pamoja na kamera nyingi za bei nafuu, ukiivuta mpaka mwisho, hufunguka hadi f/5.6 tu, na namba hiyo ikiwa kubwa tundu huwa dogo. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, ina tundu lenye upana wa karibu milimita 28. Kwa f/5.6 tundu hilo lingekuwa milimita 9. Tofauti ya mwanga ni karibu mara kumi. Mwenye Nikon za familia ya D3000 au D5000 achukue ile iliyoandikwa AF-S, kwa sababu bodi hizo hazina mota ya kulengea.

Kisha kihisi. Wauzaji husifia megapikseli. Wewe uliza upana. Canon 6D ya mwaka 2012 na Nikon D750 ya mwaka 2014, ambazo leo hupatikana zikiwa zimetumika, zina vihisi vya takriban milimita 36 kwa 24. Eneo hilo ni zaidi ya mara mbili na nusu ya kihisi cha Canon ndogo za kuanzia. Beseni pana hukinga mvua nyingi kuliko kikombe, hata kama kikombe ni kipya.

Kabla ya kulipa, ingia na kamera kwenye kona yenye giza, weka ISO 3200, piga kitu cheusi mara mbili, kisha kuza picha. Chenga hubadilika mahali kutoka picha moja hadi nyingine. Nukta inayong'aa palepale katika picha zote mbili ni ugonjwa wa kihisi. Halafu mulika lenzi kwa tochi. Katika mji kama Njombe, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tuna ukungu wa milimani asubuhi, na unyevu huohuo huzaa ukungu mwingine, ule wa kuvu unaotambaa ndani ya vioo. Huo usiununue.

Neno zuri huzaa wenzake. Programu ya kupunguza chenga tuseme inachekecha picha, na ichekeche kwa kiasi, maana ikizidi hupita na chembe nzima: vinyweleo hupotea na uso wa mtu hugeuka plastiki. Zile chembe za madini ya fedha katika filamu za zamani tuziite punje, kwa kuwa hazikuvunjika; ndizo zilizoijenga picha yenyewe.

Picha ya yule mama niliichekecha kidogo nikaichapisha upya. Kazi iliyofuata ukumbini nilikwenda na bodi ileile na lenzi ya f/1.8, na suti nyeusi zilitoka nyeusi. Nawe ukienda dukani, liache neno la kigeni mlangoni. Mwambie muuzaji kwa sauti: nionyeshe chenga zake kwanza, bei tutaongea baadaye.