Kasi ya Ghala la Picha

Maji ya masika hayakingwi kwa kibuyu chenye shingo nyembamba. Hata kibuyu kikiwa kikubwa kiasi gani, yatakayomwagika nje ni mengi kuliko yatakayoingia ndani. Mwanafunzi wangu mmoja alijifunza neno hili kwa hasara. Alidunduliza akiba ya likizo tatu, akanunua diski ya nje yenye nafasi tele, ili anase katika picha safi michezo aliyoicheza kwenye kompyuta. Siku ya fainali baina yake na wenzake, picha zilikatikakatika, na bao la ushindi halikuonekana kabisa. Alikuwa ameuliza diski inabeba kiasi gani. Hakuuliza inapokea kwa kasi gani.

Swali hilo la pili, msomaji, ni la zamani. Katika mwezi wa Aprili, 1956, kampuni ya Ampex ilionyesha mjini Chicago, Marekani, mashine ya kunasa picha za televisheni katika utepe wa sumaku. Wahandisi wake, wakiongozwa na Charles Ginsburg, walikabili taabu hii: picha huleta ishara nyingi mno kwa sekunde moja, hata utepe wa kawaida hauwezi kuzipokea. Huko Uingereza BBC iliunda mashine iitwayo VERA, ambayo utepe wake ulikimbia kiasi cha mita 5 kila sekunde. Watu wa Ampex walifuata njia nyingine. Waliuacha utepe uende polepole, bali wakavizungusha vichwa vinne vya kuandikia mara 14,400 kwa dakika. Tarehe 30 Novemba mwaka huo huo, shirika la CBS lilitangaza habari za jioni kutoka katika utepe wa namna hiyo.

Mwezi wa Septemba, 1956, IBM nayo ilitoa kompyuta ya RAMAC, yenye diski ya kwanza ya biashara: sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24. Ghala hilo zima, lenye uzito uliozidi tani moja, lilihifadhi herufi milioni 5.

Sasa na tupige hesabu. Picha moja safi ya leo ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Kila nukta ikichukua baiti 3, picha hiyo ni baiti 6,220,800. Kumbe ghala lote la RAMAC lisingetosha hata picha moja! Nao mchezo hutoa picha 60 kwa sekunde, yaani megabaiti 373 hivi. Saa moja hudai zaidi ya terabaiti 1.3.

Mzigo huu ulipatiwa dawa mbili. Ya kwanza ni kuubana. Kanuni ya H.264, iliyotolewa mwaka 2003, haiandiki kila picha upya, bali huandika zaidi yale yaliyobadilika. Hivyo megabaiti 6 au 7 kwa sekunde huweza kutosha. Ya pili ni kuipanua shingo ya kibuyu. Katika miaka ya 1980 Fujio Masuoka wa Toshiba alivumbua kumbukumbu ya flashi, isiyo na sahani wala kichwa kiendacho huku na huko. Diski ya sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika hupokea megabaiti 100 hadi 200 hivi kwa sekunde, na hupungua kasi iandikapo karibu na kitovu. Diski ya flashi ya bei nafuu yaweza kufikia 500. Walakini diski yoyote ikiungwa kwa USB 2.0, ya mwaka 2000, haiwezi kupita 60.

Mwanafunzi wangu alitaka kuuza diski yake kwa hasara. Tulipochunguza, tuliona kuwa alikuwa akinasa picha zisizobanwa, na mchezo wenyewe ulisomwa katika diski ile ile, kichwa kimoja kikitumwa na mabwana wawili. Tuliuhamisha mchezo, tukazibana picha. Diski iliyolaumiwa ikatosha bila ya kuongeza senti. Bao lake halikurudi, lakini akiba yake ilisalimika. Basi anunuaye ghala aanze kwa kuupima mzigo.