Lugha, Sauti na Kura: Uchaguzi wa Bunge la Ufini wa Mwaka 1907

Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza uchaguzi wa bunge uliofanyika nchini Ufini tarehe 15 na 16 Machi 1907, na hasa kanuni iliyotumiwa katika kuzihesabu kura zake. Huenda msomaji wa jarida la lugha za Kiafrika akauliza mambo ya Ufini yanamhusu nini. Ufini ya wakati ule ilikuwa nchi ndogo chini ya dola ya kigeni. Lugha ya walio wengi ilikuwa ya shambani na jikoni, na lugha ya wachache ilikuwa ya ofisini na mahakamani. Hali ya namna hiyo haihitaji mkalimani kwetu. Hoja yetu ni kwamba sheria ya uchaguzi, ambayo haikutungwa kuwa sheria ya lugha, iligawa upya nguvu baina ya lugha hizo mbili, na kwamba iliweza kufanya hivyo kwa amani kwa sababu ya namna yake ya kuhesabu.

Kwa karne nyingi Ufini ilikuwa sehemu ya Uswidi. Mwaka 1809 ilitwaliwa na Urusi, lakini Tsar aliiachia sheria zake za zamani na utawala wake wa ndani, na pamoja na hayo Kiswidi kikabaki kuwa lugha ya serikali. Mnamo mwaka 1900 wasemaji wa Kiswidi walikuwa takriban 13 katika kila watu 100. Mwanafalsafa J. V. Snellman, ambaye sehemu kubwa ya maandishi yake mwenyewe ni ya Kiswidi, alihubiri kwamba taifa haliwezi kusimama pasipo lugha ya umma wake kuingia shuleni na barazani. Mwaka 1863 Tsar Alexander II alitoa amri kwamba baada ya miaka 20 Kifini kiwe na haki sawa katika ofisi kwa mambo yanayowahusu Wafini. Hata hivyo ilibidi kungoja hadi mwaka 1902 ndipo usawa kamili ukaandikwa katika sheria. Amri ya lugha ni jambo moja. Ni nani hasa anayeketi katika baraza ni jambo jingine.

Baraza lenyewe lilikuwa la matabaka manne: makabaila, makasisi, wakazi wenye mali wa mijini, na wakulima wenye ardhi. Kila tabaka lilikutana peke yake na kutoa uamuzi wake, na katika mambo ya kawaida ilihitajika matabaka matatu yakubaliane. Kabaila hakuchaguliwa, mkuu wa kila ukoo ulioandikwa katika daftari la makabaila alikuwa na kiti chake. Mjini mtu alihesabiwa kura kwa kadiri ya kodi aliyolipa, hata tajiri mmoja akaweza kushika kura nyingi. (Wasomaji wa Kenya watakumbuka kwamba mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu kwa kupimwa elimu, mapato na sifa nyinginezo. Wazo hilo lilikuwa na mababu wengi.) Wakulima walipiga kura kwa kupitia wajumbe, nao wasio na ardhi hawakuwa na chochote. Matokeo yake kwa lugha yalikuwa dhahiri: kwa muda mrefu makasisi na wakulima walielekea upande wa Kifini, makabaila na wenyeji wa mijini upande wa Kiswidi. Mbili kwa mbili. Sehemu moja ya nane hivi ya wananchi ilishika nusu ya baraza.

Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1905 ndiyo yaliyoufungua mlango. Mgomo mkuu ulioenea Ufini mwishoni mwa Oktoba ulimlazimisha Tsar Nicholas II kutoa tangazo la tarehe 4 Novemba 1905 lililoahidi bunge litakalochaguliwa na watu wote. Kamati iliyoongozwa na mwanasheria Robert Hermanson iliandaa mapendekezo. Matabaka manne, makabaila wakiwemo, yakapiga kura ya kujifuta yenyewe. Naye Tsar akaidhinisha sheria tarehe 20 Julai 1906. Bunge lingekuwa moja, lenye viti 200. Kila raia aliyetimiza miaka 24, mwanamume kwa mwanamke, angepiga kura na angeweza kuchaguliwa, isipokuwa waliokuwa wakilishwa kwa msaada wa maskini, waliokwepa kodi na wengineo wachache. Daftari la wapigaji kura likapanda kutoka watu 126,000 hivi hadi 1,273,000 hivi.

Sasa tuingie katika kanuni yenyewe. Nchi iligawanywa katika majimbo 16, na kila jimbo, isipokuwa moja, lilitoa wabunge wengi. Sheria haikujishughulisha na vyama. Ilijua kikundi cha wapigaji kura wasiopungua 50 ambao wangeweza kuwasilisha orodha yenye majina yasiyozidi matatu. Orodha kadhaa ziliruhusiwa kuungana kuwa muungano. Mpigaji kura alipewa karatasi yenye orodha zote za jimbo, naye akapiga mstari kwenye orodha aliyoipenda. Jina la kwanza katika orodha hiyo lilipata kura nzima, la pili nusu, la tatu theluthi. Kwa jumla hizo wagombea wa muungano walipangwa wao kwa wao, wa kwanza hadi wa mwisho. Kisha zikachukuliwa kura zote za muungano: mgombea aliyetangulia akapewa idadi nzima, wa pili nusu yake, wa tatu theluthi, wa nne robo, na kuendelea. Viti vikagawiwa kwa kufuata ukubwa wa tarakimu hizo. Tuseme jimbo lina viti vitano, muungano mmoja una kura 12,000 na mwingine 7,000. Tarakimu za wa kwanza ni 12,000, 6,000, 4,000 na 3,000. Za wa pili ni 7,000 na 3,500. Wa kwanza atapata viti vitatu, wa pili viwili. Iwapo kiti kingetolewa kwa mwenye kura nyingi tu, wale 7,000 wangerudi nyumbani mikono mitupu. Msingi wa hesabu hii ni wa Victor D'Hondt, mwanasheria wa Ubelgiji, nchi ambayo iliipokea mwaka 1899.

Ule mstari nao una historia yake. Kanisa la Kilutheri lilikuwa limemtaka kila kijana ajue kusoma kabla ya kupata kipaimara, na asiyepata kipaimara hakuruhusiwa kuoa wala kuolewa. Kwa hiyo karibu watu wote walijua kusoma, lakini waliojua kuandika walikuwa wachache zaidi. Karatasi iliyomtaka mtu asome majina na kuchora mstari iliufaa umma wa namna hiyo. Wanaodhani kwamba mfumo wa orodha ni mgumu mno kwa wananchi wa kawaida wangefanya vema kuutazama mfano huu: takriban watu 70 katika kila 100 walioandikishwa walijitokeza kupiga kura.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya istilahi. Kwa Kifini kura huitwa ääni, yaani sauti. Kiswidi nacho hutumia röst, neno la sauti vilevile. Neno letu la kura latokana na Kiarabu, ambako maana yake ni ya kupigia bahati: ni nani atakayeangukiwa. Tofauti ya asili za maneno haithibitishi kitu kuhusu siasa za wanaoyatumia, lakini katika kuyasimulia mambo ya mwaka 1907 sitiari ya sauti inafaa zaidi, kwa kuwa kanuni ile haikukusudia kupata mshindi bali kupima ukubwa wa kila sauti.

Matokeo yalikuwa haya. Chama cha Kisoshalisti kilipata asilimia 37 ya kura na viti 80. Chama cha Wafini, kilichokuwa mbele katika kupigania Kifini, kilipata viti 59. Wafini Vijana 26. Chama cha Waswidi 24. Umoja wa Wakulima 9. Na Wafanyakazi Wakristo 2. Wanawake 19 waliingia bungeni, wa kwanza kuchaguliwa katika bunge lolote la taifa duniani, miongoni mwao Miina Sillanpää, aliyekuwa kiongozi wa watumishi wa nyumbani, na Lucina Hagman, mwalimu.

Tuzitazame tarakimu za Chama cha Waswidi. Kilipata asilimia 12.6 ya kura na asilimia 12 ya viti, kiasi kilichokaribia sana idadi ya wasemaji wa lugha hiyo. Nusu ya baraza ilikuwa imewaponyoka kwa siku mbili, lakini hawakufutwa. Walibaki na kipimo chao kamili, hata wale walioishi katika miji yenye Wafini wengi. Kwa maoni yetu hapa ndipo ilipo siri ya makabaila kukubali kujivua madaraka: wachache wanaojua kwamba watahesabiwa huogopa mageuzi kidogo kuliko wachache wanaojua kwamba watamezwa. Katiba ya mwaka 1919 ilizitaja Kifini na Kiswidi kuwa lugha za taifa zote mbili.

Lakini kipimo hicho hakikuwafikia wote. Jimbo la Lappi, kaskazini kabisa, lilipewa kiti kimoja tu, na penye kiti kimoja uwiano hauna kazi. Huko ndiko walikoishi Wasami, wenye lugha zao. Wanaoisifu sheria ya mwaka 1906 mara nyingi husahau kwamba ugomvi wa lugha mbili kubwa ulipatanishwa bila lugha ndogo kuulizwa.

Wengi wa waliokipa Chama cha Kisoshalisti kura zao walikuwa wapangaji wa vishamba waliolipia ardhi kwa siku za kazi, hali iliyokaribiana na ile ya maskwota katika mashamba ya walowezi hapa Kenya. Mwandishi Ilmari Kianto aliwaandikia riwaya mwaka 1909, Punainen viiva, yaani Mstari Mwekundu, jina litokanalo na alama ya kalamu nyekundu juu ya karatasi ya kura. Topi na Riika, mafukara wa msituni, wanauchora mstari wao wakitarajia ukombozi. Watoto wao wanakufa, na majira ya kuchipua dubu anamuua Topi na kumwachia mstari mwekundu wa damu shingoni. Ni riwaya ya kejeli na huruma kwa pamoja, nayo haimcheki Topi kwa kutumaini.

Bunge jipya lilikutana katika jumba la kikosi cha kujitolea cha zimamoto jijini Helsinki, kwa kuwa halikuwa na jengo lake. Sheria zake zilihitaji idhini ya Tsar. Mwaka 1908 alilivunja, na uchaguzi ukarudiwa mwaka huo, tena 1909, 1910 na 1911. Sheria ya kuwawezesha wapangaji kuvinunua vishamba vyao ilipatikana Oktoba 1918, miezi mitano baada ya kumalizika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe ambamo wengi wao walikuwa wameuawa.