Mpira hauchaguliwi kwa macho: historia fupi ya namba zilizo ubavuni mwa tairi

Leo tuongee juu ya mpira. Si ule wa uwanjani. Ni ule wa motokari.

Mwaka jana, mvua ilipoanza, mdogo wangu wa upande wa mama alinunua motokari ya sport, okazioni kutoka Ulaya. Ilifika na janti za inchi 15 na mipira iliyoandikwa 195/65R15. Akaona haya: "Hii ni mipira ya teksi!" Akatafuta janti za inchi 18 na mipira ya 225/40R18, akamaliza karibu akiba yake yote. Wiki ya tatu, usiku, huko Katuba, akaingia ndani ya shimo lililojaa maji. Mpira ukapasuka ubavuni, janti ikapinda, motokari ikavuka njia na kusimama hatua chache tu mbele ya mama mmoja aliyekuwa anauza makala. Hakuna aliyeumia, Mungu asifiwe. Asubuhi, kwado akaangalia ule mpira, akatikisa kichwa: "Mudogo yangu, mupira hatuichagulake na macho. Njia njo inaichagulaka."

Yule mzee wa kwado hakusoma chuo, lakini alisema historia nzima kwa maneno machache. Tuifuate.

Mwaka 1888, kule Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop alitengeneza mpira wenye hewa ndani kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, kwa sababu magurudumu magumu yalimrusharusha mtoto njiani. Yaani mpira huo ulizaliwa kwa sababu ya njia mbaya. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, wakaingia kwenye mashindano ya Paris–Bordeaux–Paris na motokari iliyovaa mipira ya hewa. Ilitoboka mara nyingi sana na hawakushinda. Lakini walionyesha kwamba motokari inaweza kutembea juu ya hewa. Miaka minne baadaye, mwaka 1899, Mbelgiji Camille Jenatzy akawa mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa ndani ya motokari.

Hapa ndipo sisi tunaingia, na si kwa furaha. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema "tairi". Sisi hapa tunasema "mpira", neno lile lile la utomvu unaotoka kwenye miti. Na utomvu huo ulitoka wapi miaka ile? Sehemu yake ilitoka kwenye misitu ya Kongo, wakati nchi ilikuwa mali ya mfalme Léopold II. Vijiji viliwekewa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walipigwa, wanawake walifungwa kama rehani, na kuna waliokatwa mikono. Mpira ulipanda meli kwenda Antwerp. Kelele za dunia zilipozidi, mwaka 1908 Léopold akaiachia nchi serikali ya Ubelgiji. Mji wetu, wakati ule Elisabethville, ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba. Utajiri ulibadilika jina, mwenye kubeba mzigo akabaki ni yule yule.

Sasa turudi kwenye zile namba. 195 ni upana wa mpira kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 65 ya ule upana. R inamaanisha "radiali", namna ya kupanga nyuzi za ndani ambayo Michelin waliitoa sokoni baada ya vita vya pili vya dunia. 15 ni kipimo cha janti kwa inchi. Zamani ubavu ulikuwa mrefu, karibu sawa na upana. Lakini ubavu mrefu unalegea kwenye kona, na watu wa mbio walitaka motokari ishike njia. Kwa hiyo wakaufupisha. Miaka ya 1970, Pirelli walileta mpira wa P7, mpana na mfupi wa ubavu, na motokari za sport zikaufuata. Ule mtindo wa janti kubwa na ubavu mwembamba ulianzia kwenye lami safi ya mbio.

Sasa angalieni jirani zetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndani ya vumbi, mawe na matope. Mwaka 1975, Lancia Stratos, motokari ya mbio hasa, zilimaliza ya pili na ya tatu. Ya kwanza ilikuwa Peugeot 504, ile ile ambayo baba zetu waliijaza magunia! Mbio hizo ziliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha, motokari za kisasa kabisa zilivaa mipira gani? 205/65R15. Inchi 15, ndugu zangu. Motokari hizo hizo zilipokwenda kushindana kwenye lami ya Ulaya zilivaa 235/40R18.

Pigeni hesabu. Ule wa udongo una kimo cha milimita kama 647, ule wa lami kama 645. Nje ni karibu sawa, kwa hiyo giaboksi na kipima mwendo havidanganywi. Tofauti iko ubavuni: milimita 133 kwenye udongo, 94 kwenye lami. Hizo sentimita karibu nne ni hewa inayopokea jiwe kabla janti haijalipokea. Bingwa wa dunia, mwenye mafundi na pesa, anaiuliza njia kwanza. Mdogo wangu alifanya kinyume: alitoka kwenye ubavu wa milimita 127 akaenda kwenye 90, halafu akaenda kutafuta mashimo.

Sisemi janti kubwa ni dhambi. Ukitaka kubadilisha, chunga kimo cha nje kisibadilike: kutoka 195/65R15 unaweza kwenda 225/45R17, kimo kinabaki milimita 634. Soma kitabu cha motokari kama kinakubali upana huo. Angalia mpira haugusi bodi ukikata kona. Halafu jiulize: kila siku napita wapi? Kama ni lami nzuri ya katikati ya mji, sawa. Kama ni Katuba wakati wa mvua, ubavu mrefu ndio rafiki yako.

Babu wa babu zetu walilipa mpira kwa mikono yao, bila kuuliza utakwenda wapi. Sisi tunaulipa kwa dola, na tuna nafasi ya kuuliza. Mdogo wangu amerudi kwenye inchi 15. Anapita Katuba polepole, na yule mama wa makala anampungia mkono.