Kifo cha Sayyid Khalid na Suala la Urithi wa Unguja

Habari za kutengana kwa Omani na Unguja huanzwa kwa desturi na kifo cha Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki baharini karibu na Shelisheli mnamo Oktoba 1856. Kwa maoni yetu, fundo lilikwisha kufungwa miaka miwili kabla, mwaka 1854, alipofariki mwanawe Khalid hali baba yuko Omani.

Katika mwaka 1844 Sayyid Said alimwandikia Lord Aberdeen, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, kumjulisha kwamba baada yake Khalid atatawala milki za Afrika na Thuwaini atatawala Omani. Hilal, mwana mkubwa, alirukwa. Akaenda Uingereza mwaka 1845 kulalamika, asipate kitu, akafia Aden mwaka 1851. Na tutazame vizuri: barua ile ilitaja majina, haikuweka kanuni. Haikusema ni nani afuate endapo mmoja wa waliotajwa atafariki kabla ya baba.

Khalid alikuwa amekwisha kuzoea kukaimu kila baba aliposafiri. Bibi Salme, nduguye, amsimulia katika kumbukumbu zake za 1886 kuwa mtu mkali mno. Moto ulipozuka katika jumba la Beit al-Sahel, waliokuwamo walikimbilia malangoni wakakuta askari wamewazuia kwa amri yake, ili mabibi wa nyumba ya kifalme wasionekane na umma mchana. Huyu ndiye aliyeandaliwa kutawala, naye alifariki akiwa katika makamo ya ujana.

Baba alimweka Majid mahali pake. Hapo ndipo neno “urithi” linapotuponza. Mirathi ya mali ina mafungu yake katika sheria, na mali ya Sayyid Said iligawanywa hivyo baina ya watoto wake, wote wakiwa wana wa masuria. Utawala hauna fungu. Na kwa mapokeo ya Kiibadhi mtawala huchaguliwa. Basi Majid alirithi nini kwa Khalid: cheo cha kaimu, au ahadi ya 1844? Thuwaini alishika la kwanza, akatuma merikebu mwaka 1859, Waingereza wakazirudisha. Tume ya Brigedia Coghlan, iliyochunguza shauri hili mwaka 1860, haikuijenga haki ya Majid juu ya wasia wa baba, bali juu ya kukubaliwa kwake na watu wa Unguja. Lord Canning akakata shauri tarehe 2 Aprili 1861: nchi mbili, na Majid ailipe Omani reale 40,000 kila mwaka.

Khalid alikuwa na shamba Unguja alilolipa jina la Marseilles kwa mapenzi yake kwa Wafaransa. Mwaka 1859 Barghash alipomwasi Majid, binti za Khalid, Shewane na Farshu, walikuwa upande wake, na jumba la Marseilles likageuzwa ngome. Mabaharia wa Kiingereza walimsaidia Majid kuwashinda waasi. Barghash alihamishiwa Bombay, kisha akarejea. Na Majid alipofariki mwaka 1870 bila mwana wa kiume, ndiye aliyeketi kitini. Wakamfuata Khalifa na Ali, ndugu kwa ndugu, hadi 1893. Aliyekuja baada yao alikuwa Hamed, mwana wa Thuwaini.